Kimya cha Vijiji na Deni la Mgeni

Watu wote husifu utulivu. Mtu aliyechoshwa na kelele za mji hutamani mahali asiposikia ila upepo na ndege, naye akipapata husema ya kuwa moyo wake umepata raha. Wala hatumlaumu, maana kimya ni chema, na mtu asiyeweza kukaa kimya hata nusu saa twamhurumia. Lakini kimya si cha namna moja. Kuna kimya cha usiku, watu walalapo. Kuna kimya cha adhuhuri, wakulima wapumzikapo kivulini. Tena kuna kimya cha nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuondoka wasirudi. Masikio hayawezi kuvipambanua, kwa kuwa vyote vitatu vyasikika sawasawa. Ni moyo tu uwezao kuuliza: kimya hiki kimetoka wapi, na ni nani aliyelipa bei yake?

Swali hili twataka kulitazama leo, nasi twalitazama katika nchi ya Hispania, huko Ulaya, kwa sababu huko laonekana waziwazi. Kila mwaka watu wengi, Wahispania na wageni, hupanda baiskeli na kwenda mashambani kwa kutembea tu. Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Huchukua ndizi, maziwa, madumu ya maji, hata mgonjwa. Watu hao hufunga mifuko miwili nyuma, wakaacha barabara kuu za magari, wakashika njia ndogo zipitazo kati ya mashamba na vijiji vya kale. Hawana haraka. Siku moja kwao ni kilomita 40 au 50, na jioni hulala katika nyumba ya wageni ya kijijini. Wakirudi kwao, jambo walisifulo kuliko yote ni lile lile: kimya.

Tulichukue jimbo la Soria, lililo upande wa kaskazini-mashariki ya Madrid. Ni nchi ya juu. Sehemu kubwa yake yafika mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya kipupwe ni kali sana. Mto Duero hupita humo. Katika jimbo hilo yapita njia iitwayo Camino del Cid, iliyopewa jina la Rodrigo Díaz, mpiganaji mashuhuri aliyekufa katika mji wa Valencia mwaka 1099. Njia hiyo huanza karibu na mji wa Burgos, ikashuka mpaka pwani ya mashariki, nayo imewekewa alama ili wenye baiskeli wasipotee.

Asubuhi msafiri hutoka El Burgo de Osma, mji mdogo wenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1232, na barabara iliyopangwa nguzo kando yake, watu wapite chini ya paa wakati wa mvua na jua. Akiisha kutoka mjini, huingia katika mashamba ya ngano na shayiri, na mahali pengine ya alizeti. Juu ya minara ya makanisa korongo wamejenga viota vyao, na juu zaidi tai huzunguka pole pole. Mbele yake huiona ngome ya Gormaz, iliyojengwa upya na Waislamu wa Córdoba katika karne ya 10, walipotawala sehemu kubwa ya nchi hiyo. Kuta zake zakizunguka kilima kwa zaidi ya kilomita moja. Ilijengwa ili iwalinde majeshi. Na leo kijiji kilicho chini yake kina wenyeji wasiofika 30. Msafiri hukaa juu ya ukuta, akatazama mto na mashamba hata upeo wa macho, wala hasikii sauti ya mtu. Hapo husema, Hii ndiyo amani.

Basi na tuulize amani hiyo imetoka wapi.

Mwaka 1950 jimbo la Soria lilikuwa na watu wapatao 160,000. Leo wapata 90,000 tu, na karibu nusu yao hukaa katika mji mkuu wa jimbo. Yaani kwa kila kilomita ya mraba moja ya jimbo lote kuna watu wapatao 9. Katika miaka hiyo hiyo watu wa Hispania nzima wameongezeka, kutoka milioni 28 mpaka zaidi ya milioni 48. Kwa hiyo si taifa lililopungua, bali watu wamehama. Trekta lilipoingia shambani, baghala na mundu havikuhitajiwa tena, wala mikono iliyovishika. Wakati huo huo viwanda vya Madrid, Barcelona, Bilbao na Zaragoza vilitafuta wafanyakazi, na wengine walikwenda mpaka Ujerumani, Ufaransa na Uswisi. Walitangulia vijana. Vijana walipokwenda, watoto hawakuzaliwa. Watoto walipokosekana, shule ilifungwa. Na shule ilipofungwa, hata mzazi aliyependa kubaki aliona hana budi kuondoka. Reli iliyofuata bonde la Duero, kutoka Valladolid mpaka Ariza, ilifunguliwa mwaka 1895. Gari la moshi la abiria lilikoma kupita mwaka 1985.

Na si reli hiyo tu. Katika sehemu nyingi za Hispania reli zilizoachwa zimegeuzwa kuwa njia za baiskeli na za waendao kwa miguu, ziitwazo Vías Verdes, maana yake njia za kijani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, na sasa njia hizo zapita kilomita 3,000. Iliyo mashuhuri ni ile ya majimbo ya Jaén na Córdoba, yenye urefu wa kilomita 128, ambako zamani gari la moshi lilichukua mafuta ya zeituni. Njia hizo ni nzuri kweli. Hazina vilima vikali, kwa kuwa gari la moshi haliwezi kupanda kilima kikali, na mahali pengine hupita ndani ya mapango yaliyochimbwa chini ya milima. Lakini msafiri aangalie jambo hili: njia yake ni laini na tulivu kwa sababu kitu fulani kilikoma hapo.

Mwaka 2016 mwandishi mmoja, Sergio del Molino, alitoa kitabu kiitwacho La España vacía, yaani Hispania tupu, na jina hilo likaenea nchini kote. Lakini wenyeji wengi wa vijijini hawakulipenda jinsi lilivyo, wakaligeuza kidogo wakasema vaciada, yaani iliyofanywa kuwa tupu. Tarehe 31 Machi 2019 maelfu mengi ya watu walikwenda Madrid wakapita katika barabara kwa maandamano, wakiongozwa na vyama vya watu wa Soria na Teruel, wakitaka matabibu, njia na shule kama wananchi wengine. Tofauti ya maneno yale mawili ni ndogo kinywani, lakini ni kubwa katika maana. Chungu kitupu hakiulizi neno. Chungu kilichomwagwa chauliza ni nani aliyekimwaga.

Sasa swali letu li wazi. Je, ni haki mtu kuufurahia utulivu uliotokana na kuondoka kwa wenzake? Wahenga walisema ya kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Je, msafiri mwenye baiskeli ni kunguru huyo?

Wako wamteteao kwa hoja tatu, nasi tutazipima moja moja.

Hoja ya kwanza yasema ya kuwa msafiri hakumfukuza mtu. Hakuifunga shule, wala hakuing'oa reli. Amekuta mambo yamekwisha kuwa. Hii ni kweli, nasi hatusemi ya kuwa ana kosa. Lakini deni si kosa. Mtu akinywa maji ya kisima kilichochimbwa na watu waliokwisha kufa, hakuwaua. Hata hivyo anawiwa, na mtu mwema hukisafisha kisima hicho kabla hajaondoka. Basi msafiri aweza kuwa hana hatia, na bado ana deni.

Hoja ya pili yasema ya kuwa msafiri huleta fedha. Hii nayo ni kweli, ila si kila mara. Wako wabebao mkate, nyama na maji yote kutoka mjini, wakapita vijiji kumi bila kuacha hata senti moja. Wanachoacha ni alama ya magurudumu tu. Tena hata aletaye fedha asidhani ya kuwa amekwisha kulipa. Fedha hulipa kitanda na chakula. Kimya hakikuwa katika hesabu ile, maana mwenye nyumba hakukiuza, na hata sasa hapendi kuwa nacho.

Hoja ya tatu yasema ya kuwa huzuni ya mgeni haimfai mtu. Hii ndiyo hoja iliyo bora, nasi twaikubali. Wazee waliobaki hawataki kuliliwa kana kwamba wamekwisha kuzikwa. Njoo mwezi wa Agosti, uone jinsi watoto na wajukuu wao warudivyo kutoka mijini kwa sikukuu ya kijiji. Nyumba zilizofungwa hufunguliwa, ngoma hupigwa, watu hula pamoja uwanjani, na watoto hukimbia mpaka usiku wa manane. Wako pia vijana waliobaki kwa kupenda kwao, na wageni waliohamia. Wala kuondoka si dhambi. Vijiji hivi tangu zamani vilitoa watoto kwenda mbali. Tomás de Berlanga, aliyezaliwa Berlanga de Duero, alikuwa askofu wa Panama, naye ndiye aliyefika visiwa vya Galápagos mwaka 1535. Shida ya zamani zetu hizi si kwamba watu waliondoka, bali kwamba waliondoka wengi mno kwa muda mfupi, na waliobaki hawakuachiwa cha kuwatosha.

Kwa hiyo hatumwambii msafiri ahuzunike. Twamwonya juu ya hatari nyingine iliyofichika zaidi. Mtu akikipenda kijiji kwa sababu ya kimya chake, bila kujua huanza kutamani kisipate kupona. Akisikia ya kuwa barabara itapanuliwa, au kiwanda kitajengwa, au mashine za upepo zitasimamishwa juu ya kilima, hukasirika, akasema ya kuwa uzuri unaharibiwa. Wenyeji wenyewe hubishana juu ya mambo hayo, nao wana haki ya kubishana, maana wao ndio watakaokaa na faida na hasara yake. Lakini mgeni wa siku mbili ana haki gani? Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake. Huyu amekuwa kama mtu apendaye kumzuru mgonjwa kwa kuwa chumba chake ni kitulivu. Siku ile mgonjwa aondokapo kitandani na kuanza kuimba, yeye huona amepoteza kitu.

Yako mafundisho ya jambo hili mahali pale pale, mwendo mfupi kutoka Berlanga, karibu na kijiji cha Casillas. Hapo pana kanisa dogo la San Baudelio, la karne ya 11. Nje ni kama sanduku la mawe, wala halina fahari. Lakini ndani, katikati, pana nguzo moja, na juu yake matawi manane ya mawe yametandazwa kama makuti ya mtende, yakishika paa. Kuta zake zilijaa picha: ngamia, tembo, wawindaji, na habari za maisha ya Kristo. Mwaka 1917 serikali ililitangaza kuwa jengo la ukumbusho wa taifa. Hata hivyo mwaka 1922 wanakijiji waliolimiliki waliziuza picha zile kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Na ilipofika mwaka 1926 nyingi zilikuwa zimebanduliwa ukutani na kupelekwa Marekani. Mwaka 1957 baadhi zilirudishwa Hispania kwa njia ya mkopo, lakini ziliwekwa katika nyumba ya makumbusho ya Prado, mjini Madrid. Katika kanisa lenyewe mtu huona zaidi vivuli vya picha, pale rangi ilipoingia ndani ya chokaa.

Hatuwahukumu wauzaji, walikuwa maskini, na maskini huuza alicho nacho. Wala hatusemi ya kuwa wanunuzi hawakupenda uzuri. Waliupenda sana. Kosa lao ni kwamba waliupenda uzuri pasipo watu wake. Waliona ukuta, hawakuona kijiji. Na msafiri wa leo, apigaye picha ya mlango wa kale, wa kisima, wa mama mzee aliyeketi kizingitini, kisha akaenda zake pasipo kusema hata salamu, afanya jambo lile lile kwa kipimo kidogo. Amechukua sura, ameacha mtu.

Basi deni la mgeni hulipwaje? Hapa twataka kusema neno la kuisifu baiskeli. Mtu ajaye kwa gari hufika kijijini akiwa na kila kitu: maji yake, chakula chake, baridi au joto alitakalo, na kioo kati yake na watu. Hana ahitajicho, kwa hiyo hana aulizacho. Lakini mwenye baiskeli hufika akiwa na kiu, na jasho, na njaa, na pengine gurudumu limetoboka. Hujui kama mvua i karibu, hajui kama njia ya bonde imekatika. Ni mhitaji. Na mhitaji, akiwa na adabu, huchukua zawadi ambayo tajiri hawezi kuileta: humfanya mwenzake kuwa mwenyeji.

Twasema katika methali, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi twaifasiri kwa kusema ya kuwa mgeni huleta zawadi, au kwa ajili yake kuku huchinjwa na nyumba nzima hula. Lakini pana maana nyingine. Mzee aliyelima miaka hamsini, aliyejua kila chemchemi na kila mpaka wa shamba, sasa aona ya kuwa hakuna amwulizaye neno. Mkate waletwa kwa gari lipigalo honi uwanjani. Tabibu huja kwa siku zilizowekwa. Kila kitu huja kwake kama kwa mtu wa kupewa tu. Kisha afika mtu mwenye vumbi, amwomba maji, amwuliza njia. Dakika ile mzee si wa kupewa tena. Ni mtoaji, ni mwenye nchi. Kanisa la kijiji mara nyingi limefungwa, na ufunguo uko kwa jirani. Msafiri mwenye haraka huona mlango umefungwa akapita. Mwenye adabu hubisha hodi, akauomba ufunguo; na aushikaye huja naye, akamwonyesha mahali alipobatizwa, na jina la fundi aliyeitengeneza kengele, na pengo lililoachwa na kitu kilichouzwa. Hapo kimya kimevunjwa, nacho kimevunjwa kwa heri.

Kwa hiyo twaona mgeni awiwa mambo manne. Kwanza, ajue, asifike mahali kama kwamba historia yake ilikoma zamani za ngome na wafalme, bali aulize pia habari za miaka ya 1960, na walikokwenda watu. Pili, aombe; asione haya kuhitaji. Tatu, anunue pale pale, mkate na jibini na kitanda, hata kama mjini ni rahisi zaidi. Nne, asitamani kijiji kibaki kama kilivyo kwa ajili ya starehe yake.

Huenda mtu akatuambia ya kuwa kikombe cha maji hakitaifungua shule iliyofungwa. Ni kweli, wala hatukusema ya kuwa kitaifungua. Shule na tabibu na njia ni deni la serikali na la taifa lote, na wale walioandamana mwaka 2019 walijua ni kwa nani wapeleke madai yao. Lakini deni kubwa la mwingine halifuti deni dogo lako. Mgeni hawezi kuwarudisha watu elfu sabini. Aweza kumsalimu mmoja aliyebaki, wala hakuna mwingine awezaye kumfanyia kazi hiyo.

Nasi tusomao haya tusidhani ya kuwa ni habari za Wahispania tu. Hata kwetu wako waliokwenda mijini, warudio kwa sikukuu, wakaketi chini ya mwembe wa baba yao wakisema, Hapa pana utulivu sana; wala hawaulizi ni nani achotaye maji siku zile wasipokuwapo.

Jibu letu basi ni hili: ni halali kukifurahia kimya cha vijiji, ikiwa mtu ajua ni cha nani na akilipa alichowiwa. Na kipimo chake si kigumu. Msafiri akisikia, mwaka mmoja baadaye, ya kuwa katika kijiji kile alichokipenda shule imefunguliwa tena, na watoto wapiga kelele uwanjani asubuhi hata mgeni hawezi kulala, ajitazame moyoni. Akifurahi, alikipenda kijiji. Akiona uchungu, ajue ya kuwa alikuwa akijipenda mwenyewe.